Kihamba Tulichokiacha

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ufikapo katikati, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watu hata pasiwe na mahali pa kuweka mguu. Watu hao ni wana wa Kilimanjaro waendao kwao kula sikukuu ya Krismasi pamoja na jamaa zao. Huchukua mchele, sukari, nguo za watoto, na wengine huchukua hata milango na madirisha ya nyumba wanazojenga. Nao wakiisha kushuka na kupanda mlima mpaka penye njia ya kwao, neno la kwanza litokalo vinywani mwao ni moja tu: “Lo! Kwetu kumebadilika.”

Neno hilo nimelisema mimi mwenyewe mara nyingi, wala sikulifikiri maana yake. Siku hizi nalifikiri, nami nataka tulichungue pamoja katika somo hili, ndugu wapenzi wasomaji. Walimu waweza kulisoma mbele ya wazee na vijana waliokaa pamoja, kwa maana si somo la waliotoka peke yao wala la waliobaki peke yao. Mtu asemaye “kwetu kumebadilika” amesema mambo mawili kwa neno moja: amesema habari za kijiji, tena amesema habari zake mwenyewe. Yatupasa kuyatenga mambo hayo mawili, tusije tukakihukumu kijiji kwa makosa yetu.

Mtu atokaye kwao huchukua kijiji chake moyoni. Walakini kijiji kile akichukuacho kimesimama siku ile ile alipotoka, kama saa isiyotiwa ufunguo. Mbwa wa jirani angali akibweka, mama angali ana nguvu za kubeba debe la maji kichwani, mti mkubwa wa mringaringa ungali umesimama penye kona ya njia. Lakini kijiji chenyewe, kile cha udongo na mawe, hakikumngoja. Basi siku anaporudi, vijiji hivyo viwili hukutana ndani yake na kugombana, naye hudhani ugomvi ule uko nje.

Mimi nalizaliwa Machame. Nikatoka mwaka 1975, nikiwa kijana wa miaka 17, kwenda kusoma, na baada ya kusoma nikapata kazi Dar es Salaam. Sasa miaka niliyoishi pwani yakaribia kuwa mara tatu ya ile niliyoishi mlimani. Nalipokuwa mtoto kihamba chetu kilikuwa dunia nzima. Kutoka mlangoni mpaka penye mfongo wa chini, jioni, ilikuwa safari ya hofu, maana migomba ilifunga kiza mapema, na majani yake makavu yalisema kama watu. Miaka michache iliyopita nalikipita kihamba kile mchana, nikahesabu hatua, nazo zilikuwa 60. Nikacheka peke yangu, nikasema, “Miguu imekua, kihamba ni kile kile.” Mdogo wangu, aliyekuwa akinifuata na panga mkononi, akasema, “La, kaka. Kimepungua.” Akanionyesha masale yaliyopandwa mahali ambapo zamani hapakuwa na mpaka. Kihamba kimoja kimekuwa vitatu: kimoja changu, kimoja chake, na kimoja cha dada yetu aliyerudi nyumbani akiwa mjane.

Nimeanza na jambo hilo dogo kwa sababu lina mafundisho. Mtu mzima akirudi alikokulia huona vitu vyote vimekuwa vidogo, naye akiwa mwenye akili husema ni macho ya utoto yaliyomdanganya. Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara. Mara nyingine macho yalisema kweli, na kitu chenyewe kimepungua. Hapana njia ya kujua ila kwenda kupima na kumwuliza aliyebaki.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa Usambara, wa Iringa na wa pwani, nieleze kidogo kihamba ni nini. Si shamba tu. Shamba kwetu huwa tambarare, chini, mahali pa mahindi na maharagwe na zamani ulezi. Kihamba ni mahali pa nyumba, juu mlimani, nacho kina tabaka kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa iko miti mirefu itiayo kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni magimbi na maharagwe. Ng’ombe hakai nje, hufungwa zizini, na mama wa nyumba humletea majani, mara nyingine kutoka mbali sana. Samadi yake ndiyo ilishayo migomba. Maji huletwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa tangu zamani kutoka mtoni huko juu, ukapitishwa ukingoni mwa mlima kwa ustadi mkubwa, nao una wazee wake na siku zake za kugawa maji. Na tena, katika kihamba wamelala wazee wetu waliokufa. Kwa hiyo Mchaga akifia mbali, jamaa zake hutoa gharama kubwa kumrudisha, maana kumzika penginepo ni kama kumpoteza.

Mtu akiisha kufahamu hayo, atafahamu kwa nini kihamba hakigawanyiki bila maumivu. Mwaka 1967 watu waliohesabiwa katika mkoa wa Kilimanjaro walikuwa laki sita na nusu hivi. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,861,934. Mlima haukuongezeka hata shubiri moja. Desturi yetu ni kwamba kitinda mimba hubaki katika nyumba ya baba, na ndugu zake hutafutiwa mahali pengine. Lakini “mahali pengine” palikwisha zamani. Angalia tena hesabu hizo. Tangu mwaka 2012 mpaka 2022 watu wa mkoa huu waliongezeka kama 1.3 kwa mia kila mwaka, hali watu wa nchi nzima waliongezeka 3.2 kwa mia. Je, ni kwamba Wachaga wameacha kuzaa? Hata kidogo. Sababu kubwa ni kwamba wametoka. Wako Dar es Salaam, wako Arusha, wako Mwanza, wako ng’ambo. Mimi ni mmoja wao, na pengine wewe usomaye.

Hapa nafika penye kiini cha somo. Sisi tuliotoka hupenda kusema juu ya mabadiliko ya kijiji kama watu wasemao juu ya mvua ya mawe, yaani jambo lililoanguka kutoka juu, lisilo na mwenyewe. Twasema kahawa imekufa, vijana wamekwisha, nyumba ziko tupu. Haya, na tuangalie habari ya kahawa.

Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Wachaga walifanya chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake kubwa liko mjini Moshi hata leo. Fedha ya kahawa iliezeka nyumba kwa mabati. Iliongeza makanisa. Zaidi ya yote ilisomesha watoto. Nakumbuka baba akipiga mibuni dawa ya mrututu, mikono yake ikawa ya rangi ya bluu mpaka viwikoni, nasi tukimcheka. Alipouza kahawa yake alitoa kwanza karo ya shule, kisha sadaka, na kilichobaki kilikuwa cha chumvi na mafuta ya taa. Karo ile ilinipeleka mimi shuleni, na shule ikanipeleka Dar es Salaam. Je, mwaona? Mbuni ndio ulioniondoa penye mbuni. Baba alipanda, akapalilia, akachuma, ili apate kumpoteza mchumaji wake. Wala hakujuta; ndilo alilotaka. Lakini watoto wa mlima mzima walipokuwa wamekwenda kwa njia ile ile, mikono ya kuchuma ilitoka wapi?

Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu peke yake. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka vibaya. Ugonjwa wa chulebuni nao ulikuwa ukila matunda yakiwa mabichi, na dawa ikawa ghali. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980 vikiwa dhaifu, na tangu 1994 wanunuzi wengine wakaruhusiwa kuingia. Wataalamu wa Lyamungu, ambako kahawa imechunguzwa tangu mwaka 1934, wametoa mibuni mipya ishindayo magonjwa, na wako wakulima walioipanda wakafaulu. Lakini mbuni mpya wataka mtu wa kuupanda. Mzee wa miaka 75 apande mti utakaozaa vizuri baada ya miaka mitatu, kisha amchumie nani?

Tena kuna kosa lingine tufanyalo, nalo ni kudhani kwamba kijiji cha utoto wetu ndicho kijiji cha asili. Mimi nalisikitika kuona mibuni imeng’olewa, nikasema kwamba Machame si Machame tena. Lakini babu yake baba yangu, kama angeinuka, angeuliza mibuni ile ni miti gani. Yeye alijua ulezi na ndizi na ng’ombe, na nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa majani mpaka chini. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, kengele yao ilikuwa sauti mpya mlimani, na bila shaka wako wazee walioona kwamba imeharibu asubuhi. Mimi sauti ile ya kengele ndiyo niitamaniyo kuliko zote. Hivyo kila mtu huweka asili ya kijiji chake katika mwaka ule alipokuwa na umri wa miaka kumi.

Hata jina la mji wetu lafundisha jambo hili. Moshi ya kwanza haikuwa pale ilipo leo. Ilikuwa juu mlimani, katika nchi ya Mangi Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara, na Wajerumani walijenga boma lao huko. Lakini reli kutoka Tanga ilipofika chini tambarare mwaka 1911, kazi zote zikashuka kuifuata, na jina likashuka pamoja nazo. Huko juu pakaitwa Moshi ya Kale. Fikiri habari ya mtoto aliyezaliwa huko, akaenda mbali miaka ishirini, akarudi akiuliza njia ya Moshi, watu wakamwonyesha mahali ambapo yeye alipajua kuwa pori!

Isidhaniwe kwamba nasema kila badiliko ni sawa, na kila huzuni ni ujinga. Mimi si wa mawazo hayo. Liko badiliko moja ambalo sijapata mtu wa kunifariji kwalo, nalo ni la theluji. Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, wakuu wa elimu ya nchi huko London hawakumsadiki kwa miaka mingi, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912 barafu ya kilele ilipopimwa ilikuwa kama kilometa 12 za mraba. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Wajukuu wangu wakinisikia nikisema jinsi Kibo kilivyokuwa cheupe asubuhi mpaka chini mabegani, hunitazama kama wale wakuu wa London walivyomtazama Rebmann. Hapo mtu aweza kulia, wala asiambiwe kwamba ni macho ya utoto. Kimepimwa, kimepungua.

Katika Maandiko iko habari inifaayo sana katika jambo hili, nayo iko katika Ezra mlango wa 3. Watu waliporudi kutoka Babeli na kuweka msingi wa nyumba mpya, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine walipiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kutenga sauti ya kilio na sauti ya furaha. Wazee wale walikuwa wamekaa ugenini miaka 50 hivi, kama mimi. Zamani naliwahesabu kuwa wao tu ndio wenye kujua, kwa kuwa waliona mambo ya kwanza. Sasa najiuliza juu ya wale waliofurahi. Wako kati yao waliozaliwa Babeli, na tena nchini mwenyewe walikuwako maskini walioachwa bila kuhamishwa, waliokaa miaka yote ile kati ya magofu, wakilima. Hao hatuambiwi neno lao siku ile. Ningependa kulisikia.

Basi nilisikie lao walioachwa kwetu. Mimi hutamani usiku wa zamani, usiku usiokuwa na taa za umeme wala kelele za pikipiki, hata mtu akasikia maji ya mfongo akiwa kitandani. Siku moja nalimwambia dada yangu hayo, yule mjane. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kaka, wewe wakumbuka ukimya. Mimi nakumbuka usiku mama alipomzaa yule mtoto aliyekufa, nasi tulikaa gizani tukingoja kupambazuke ili wanaume wambebe kwa machela mpaka hospitali.” Sikuwa na la kujibu. Mimi nalikuwako usiku ule. Nalikuwa na umri wa miaka saba, nimelala. Pikipiki ile inayoniudhi mwezi wa Desemba humchukua mama mjamzito saa nane ya usiku. Bomba lililo penye uzio limewapunguzia wasichana kupanda na kushuka bonde na ndoo. Na dada yangu mwenyewe, kama angalirudi akiwa mjane wakati wa babu, asingalipewa kihamba. Angalikaa jikoni kwa kaka yake mpaka kufa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilisema wazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Sheria peke yake haikumpa kitu, maana mila ni nzito kuliko karatasi. Lakini ilimpa mdogo wangu neno la kuwaambia wazee wa ukoo. Masale yale niliyoyaona yamekata kihamba cha baba, nikahuzunika, ni yake yeye. Kuna watu ambao huzuni yako ni makao yao.

Sasa nitaeleza jambo ambalo ni aibu kwangu, maana bila hilo somo hili lingekuwa maneno matupu. Mwaka ule nalipokuta mibuni ya baba imeng’olewa karibu nusu, na mahali pake pamepandwa migomba ya kuuza na nyanya, nalikasirika sana. Nalimwita mdogo wangu mbele ya wageni, nikamwuliza ni nani aliyempa ruhusa kung’oa kazi ya mikono ya baba. Wageni waliinamisha macho. Yeye hakujibu siku ile.

Asubuhi yake alikuja barazani kwangu. Nasema kwangu, kwa maana nimejenga nyumba katika sehemu yangu, ya matofali, yenye vyumba vinne, nami hulala ndani yake siku kumi kwa mwaka. Ufunguo anao yeye. Alikuwa na daftari ya shule iliyotoka jalada, akaniambia, “Kaka, kabla hujanihukumu, soma hii. Ukimaliza, sema.”

Ilikuwa daftari ya mfongo. Kila nyumba inywayo maji ya mfongo ule yapaswa kutoa mtu siku za kuzibua na kutengeneza, na asiyetoa hulipa faini. Baba alipofariki mwaka 1991, majina mawili yaliingia mahali pa jina lake, langu na la mdogo wangu. Penye jina lake ameandika tarehe na kazi aliyofanya. Penye jina langu ameandika, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko ule ule: “Nimekwenda mimi kwa ajili yake.” Na miaka mingine, alipokuwa mgonjwa au amefiwa: “Faini imelipwa.” Nyuma yake aliandika hesabu za mibuni: mrututu, mbolea, watu wa kuchuma aliowapa ujira, kilo zilizouzwa, na fedha iliyopatikana. Naliweza kusoma hesabu, ndiyo kazi iliyonilisha mjini. Kwa miaka sita mfululizo mibuni ya baba ilikula fedha kuliko iliyoleta, naye aliendelea, kwa sababu ilikuwa ya baba. Mwaka wa saba akaanza kung’oa.

Nalipomaliza akaniuliza kwa upole, “Kaka, mibuni ile uliichuma lini mara ya mwisho?”

Nalijua jibu. Ilikuwa mwaka 1974.

Fedha nalikuwa nikipeleka kila Krismasi, nami nalidhani nimelipa. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa majani ya ng’ombe, hajautua bado. Akasema, “Shemeji, tena usije Desemba tu. Uje mwezi wa nne uone nyumba yako inavyovuja.” Wote tukacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniokoa siku ile.

Neno lake lile la mwezi wa nne nawapa ninyi nyote mliotoka. Desemba hakuna mtu akionaye kijiji. Desemba kijiji chatuona sisi. Njia zimefagiliwa, mbuzi amechinjwa, vijana wamerudi, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima zina taa; yule ajaye siku hizo aweza kudhani kwamba watu ni tele. Aende mwezi wa nne, wakati wa matope, ahesabu ni nyumba ngapi zatoa moshi. Aulize ni nani anayemlisha mzee fulani, na ni nani abebaye jeneza mtu afapo siku ya kazi. Hapo ndipo atakapojua kilichobadilika.

Nanyi mliobaki, nina neno nanyi pia, ingawa ni dogo kuliko la wenzenu. Mdogo wangu aliandika daftari ile miaka mingi asinionyeshe. Nalimwuliza kwa nini. Akasema aliona haya, tena alidhani najua. Mimi sikujua. Barua zake zote, na baadaye simu zake, zilisema, “Sisi hatujambo, kihamba hakijambo.” Tukiambiwa kwamba mambo yote hayajambo, twaendelea kukiamini kijiji kile kilichosimama moyoni. Mtu wa mbali hana macho ila yale mnayompa.

Mibuni iliyong’olewa haikurudi. Ile nusu iliyobaki tuliipunguza tena, tukapanda safu mbili za mibuni mipya kutoka Lyamungu karibu na kaburi la baba, na mpwa wetu, mwana wa dada, ndiye aitunzaye kwa mapatano yaliyoandikwa. Migomba ya kuuza yaendelea vizuri, nami nimeizoea. Juu ya mfongo, nalikwenda kwa mzee wake nikamwomba jina langu liandikwe kuwa langu. Akaniuliza, “Utachimba au utalipa?” Mwaka wa kwanza nalilipa. Mwaka wa pili nalikwenda mwenyewe baada ya masika, mwezi wa sita, nikapanda na jembe pamoja na vijana mpaka kule juu mfongo utokapo mtoni. Ukoka ulikuwa umeziba, na ukingo ulikuwa umebomoka mahali pawili. Kabla ya saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge.

Kijana mmoja, mwenye umri ule niliokuwa nao nilipotoka, alinitazama kwa muda, akaniamkia, kisha akauliza, “Mzee, wewe ni mgeni wa nani?”

Nikamtajia jina la baba yangu. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amelisikia, akanionyesha sehemu ya mfongo iliyo chini ya mti wa mringaringa, akasema, “Basi kwenu ni pale. Anzia hapo.”